Bibi Titi na Haki ya Kukataa

Kwa muda usiofika miaka arobaini, nchi moja ilimpa mwanamke mmoja majina matatu. Mwaka 1955 alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, na haikuchukua muda akawa sauti yao. Mwaka 1971 mahakama ya nchi ileile aliyoipigania ilimtia hatiani kwa uhaini na kumhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 1991, wakati wa kuadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama tawala lilimtaja kuwa shujaa wa mapambano yale. Mtu alikuwa yuleyule, Titi binti Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1926. Waliobadilika ni waliomtaja, na kila walipomvika jina jipya walikuwa na haja yao.

Maisha ya mtu wa siasa yana maana gani, na maana hiyo ni mali ya nani? Ikiwa ni mali ya wanaomtaja, basi Bibi Titi aliishi mara tatu, na mara zote tatu aliandikiwa na watu wengine. Ikiwa ni mali yake mwenyewe, tuitafute wapi? Hakuacha kitabu cha maisha yake. Mengi tunayoyajua kutoka kinywani mwake tunayapata kwa sababu mwanahistoria Susan Geiger alimfuata miaka ya 1980, akamhoji, na mwaka 1997 akachapisha utafiti wake juu ya wanawake wa TANU.

Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu alichokitoa mwaka 1958, alidai kwamba hakuna mtu aliye mtunzi wa hadithi ya maisha yake. Mtu hutenda na kusema mbele ya wenzake, lakini maana kamili ya alichotenda humdhihirikia msimulizi anayekuja nyuma, mambo yakishapita. Hoja hiyo ina uzito, ila inampa msimulizi madaraka makubwa mno. Msimulizi akiwa ni dola, yenye magazeti, mahakama na vibao vya barabara, nani atamsahihisha?

Tuanze na jina la kwanza, kwa sababu ndilo tunalodhani tunalielewa.

TANU ilizaliwa Julai 1954. Mwaka uliofuata ilipata mgeni, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, naye akauliza sehemu ya wanawake iko wapi. Wanaume wa chama hawakuwa na la kumjibu. Aliyetafutwa awe jibu alikuwa Titi: hajatimiza miaka thelathini, elimu yake ya darasani ni ndogo, aliozwa akiwa binti mdogo, na alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Kwa vipimo vya wakoloni, na vya wasomi wachache wa mji ule, hakuwa mtu wa kukabidhiwa siasa.

Alichokifanya kinaonyesha kwamba vipimo vile ndivyo vilivyokuwa na kasoro. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, vya lelemama na vinginevyo. Vikundi hivyo vilikuwa na wanachama, uongozi, michango na nidhamu tangu kabla TANU haijachapisha kadi ya kwanza. Humo walikutana wanawake wa makabila mbalimbali ya Pwani na bara, Waswahili wa mjini kwa maana pana ya neno hilo, wakazikana, wakaozeshana, wakacheza upatu. Wanaume waliitafuta Tanganyika katika hati za Umoja wa Mataifa. Wanawake hawa walikwishazoea kuishi na mtu wasiyechangia naye ukoo. Oktoba 1955 Oscar Kambona, katibu wa TANU, aliandika barua Uingereza akieleza kwamba mwanamke huyu ameshaandikisha wanachama wanawake wapatao 5,000. Jina hilo la Kambona tuliweke akiba.

Msingi wa maisha yake ya uwakilishi uko hapo, miaka kadhaa kabla hajakalia kiti chochote cha Bunge. Tumezoea kusema kwamba mtu huwa mwakilishi siku anapotangazwa mshindi. Titi alikuwa mwakilishi siku wanawake walipomsikia jukwaani na kutambua kwamba anachokisema walikuwa nacho moyoni siku nyingi, ila hawakuwa wamepata mahali pa kukisemea. Kura huja baadaye kuthibitisha. Zipo nyakati ambapo haiji kabisa. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na sharti awe amefikia kiwango cha elimu, kipato au wadhifa. Wapika maandazi na wacheza lelemama waliojaza mikutano ya viwanja vya Mnazi Mmoja, kwa sehemu kubwa, hawakukifikia. Walikibeba chama hadi mlangoni mwa ukumbi ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kuchagua nani aingie.

Uchaguzi huohuo unalitia doa neno tunalolipenda sana tunapowazungumzia watu wa aina yake, neno “wa kwanza”. Wanawake waliochaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura zile ni pamoja na Sophia Mustafa, Mwasia aliyeungwa mkono na TANU, na Lady Chesham, Mzungu wa Iringa. Mwaka 1960 akaingia Lucy Lameck wa Moshi, muuguzi aliyepata nafasi ya kusoma Chuo cha Ruskin kule Oxford. Basi nani alikuwa wa kwanza? Inategemea unahesabu nini: rangi, uraia, kura au jimbo. Utangulizi ni sifa ya foleni, na foleni haina maadili. Anayetangulia huweza kutangulia kwa bahati, kwa tabaka au kwa sheria iliyompendelea. Tukimpima Titi kwa nambari yake katika foleni, tutakuwa tumepima kilicho chepesi kupimika na kuacha chenye thamani.

Baada ya uhuru wa Desemba 1961 alikuwa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo katika mambo ya maendeleo ya jamii. UWT, umoja wa wanawake wa Tanganyika, ilipoundwa mwaka 1962, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa yeye. Julai mwaka huohuo Dar es Salaam iliwapokea wanawake wa nchi mbalimbali za Afrika walioanzisha umoja wao wa bara zima. Bunge lilikuwa likikaa Ukumbi wa Karimjee, na mle ndani zilikutana njia mbili za kuwa mwanamke wa siasa: Lameck na elimu yake ya darasani, Titi na shahada ya ngoma. Taifa changa liliwahitaji wote wawili, ingawa kadiri serikali ilivyozidi kuwa ya mafaili na ripoti, njia ya Lameck ilizidi kunyooka na ya Titi kusongwa na magugu.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja. Kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, na wananchi wakaachiwa waamue. Waliamua kwa ukali. Vigogo wengi walianguka, akiwemo Paul Bomani, waziri wa fedha. Rufiji nako, Bibi Titi alishindwa.

Wasimulizi wengi hupita hapa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye ugomvi. Mimi nadhani hapa pana maana kubwa. Mama wa harakati, ambaye sauti yake ilijulikana nchi nzima, alikwenda kwa wakulima wa bonde la Rufiji kuomba kura, nao wakamwambia wamemchoka, au wamempata mwingine. Haki aliyoipigania, ya mtu asiye na cheo kumkataa mwenye cheo, ilitumika dhidi yake mwenyewe. Bomani aliteuliwa na Rais akarudi bungeni. Titi aliendelea kuiongoza UWT bila jimbo. Kipo kipimo cha mpigania uhuru ambacho hakipatikani siku ya ushindi: atafanya nini uhuru ukishamkataa? Hakulikana sanduku la kura. Alibaki katika chama na katika kazi, mpaka jambo jingine lilipotokea.

Jambo hilo ni Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Miongoni mwa masharti yake ya uongozi, kiongozi wa TANU au wa serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni, kupokea mishahara miwili wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba alizozipangisha. Aliona sharti hilo si la haki, na badala ya kuandikisha mali kwa jina la mtoto au shangazi kama wajanja walivyojua kufanya, alijiuzulu Kamati Kuu ya chama.

Kwa miaka mingi tukio hili limesimuliwa kama kisa cha tamaa: wenzake walichagua ujamaa, yeye akachagua kodi ya pango. Sina raha na usimulizi huo, kwa sababu unadhani nyumba ina maana moja kwa kila mtu. Mwalimu Nyerere, Rais wa wakati huo, alikuwa na sababu nzito. Aliona viongozi wakigeuza uhuru kuwa ngazi, wakikopa benki, wakijenga majumba ya kupangisha maofisa wa balozi, huku mkulima akilipia yote kwa pamba na kahawa. Bila breki, chama cha wakulima kingegeuka chama cha wenye nyumba. Hayo ni kweli.

Lakini itazame nyumba hiyohiyo ukiwa umesimama alipokuwa amesimama mwanamke wa Dar es Salaam wa kizazi chake. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma. Mwanamke mwenye nyumba kama hiyo alilala chumba kimoja na kupangisha vingine, na kodi hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni yake. Mumewe angeweza kumpa talaka leo, na kesho mke akaondoka na sanduku na vyombo vyake. Mpaka mwaka 1983 ndipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipotamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kabla ya hapo, mke aliyepika, kuzaa na kulea miaka ishirini aliweza kuambiwa kuwa hakuchangia kitu. Kwa mwanamke wa namna hiyo chumba cha kupangisha kilikuwa ukuta kati yake na kuombaomba kwa ndugu. Azimio liliona mwenye nyumba mnyonyaji. Halikumwona mwanamke aliyenunua uhuru wake tofali kwa tofali.

Nani alikuwa sahihi? Nadhani wote wawili waliona kitu cha kweli, na hapo ndipo palipohitajika bunge kwa maana yake halisi: mahali ambapo kweli mbili zinakaa meza moja mpaka ipatikane sheria inayozibeba zote. Ingewezekana, kwa mfano, kutofautisha majumba ya kitajiri na chumba cha mjane. Lakini aliyekuwa na hoja ya upande wa pili alishakosa jimbo, na katika chama alikuwa na njia mbili tu, kukubali au kutoka. Alitoka. Chama kikapata usafi wa viongozi wake, kikapoteza mtu ambaye angeweza kukiambia usafi huo unamgharimu nani.

Jina la pili lilikuja Oktoba 1969, alipokamatwa. Alishtakiwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri wa kazi, na maofisa wa jeshi, kwa njama ya kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama hiyo hakuwepo kizimbani: ni Oscar Kambona, aliyekuwa ameondoka nchini mwaka 1967 na kuishi London. Yule aliyeandika kwa fahari mwaka 1955 kwamba Titi ameandikisha wanawake 5,000, sasa jina lake lilikaa naye katika hati ya mashtaka. Jaji Mkuu Telford Georges alisikiliza kesi kwa miezi mingi. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha PAC cha Afrika Kusini. Bibi Titi alikana. Mwaka 1971 alitiwa hatiani, na mwaka 1972 Rais alimwachia kwa msamaha.

Sitaki kuifungua upya kesi hiyo, wala kudai kwamba alifungwa kwa sababu ya nyumba. Ninachokitazama ni kazi ambayo jina la mhaini hufanya. Hukumu ya mahakama inahusu tendo fulani la tarehe fulani, lakini jina la mhaini humeza maisha yote, kuanzia ya nyuma. Aliyesimama jukwaani mwaka 1955 akaanza kuonekana kana kwamba hata siku ile alikuwa na lake. Picha zake zikaacha kuchapishwa, na watoto wa shule walisoma historia ya uhuru ambayo wanawake wake hawakuwa na kiongozi. Akiwa gerezani, Tanzania ilipata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, moja ya sheria zilizogusa zaidi maisha ya wanawake aliowaongoza. Hakuwa na sauti katika mjadala huo.

Jina la tatu lilikuja likiwa na uso wa heshima. Miaka 30 ya uhuru ilitaka mashujaa, siasa ilikuwa ikilegea kuelekea vyama vingi, na mwanamke mzee aliyeishi kimya alionekana tena. Barabara kubwa inayopita Mnazi Mmoja ikawa na jina lake. Alipofariki katika hospitali ya Johannesburg, Novemba 2000, taifa lilimlilia kama mama.

Nafurahi kwamba alirudishiwa heshima, lakini heshima ile ilikuwa na ujanja ndani yake. Ilimrudisha Titi wa 1955 na kumwacha Titi wa 1967 nje ya mlango. Ilimkumbuka alipowaambia wanawake wachukue kadi. Haikutaka kukumbuka alipokiambia chama kwamba kimekosea. Shujaa wa namna hiyo ni mwepesi kumbeba, kwa maana hana la kutuambia leo. Kumwita mtu mama wa taifa kunaweza kuwa njia ya upole ya kumnyamazisha: mama hupewa khanga na kiti cha mbele, na mwenye maoni hupewa kipaza sauti.

Hapo ndipo ninapoachana na Arendt. Msimulizi ana neno la mwisho juu ya matokeo ya maisha ya mtu, lakini yako mambo asiyoweza kuyafinyanga, nayo ni machaguo ambayo mtu aliyafanya akijua bei yake. Mwaka 1955 Titi alichagua kusimama hadharani katika jamii iliyoona jukwaa si mahali pa mwanamke mwenye heshima. Mwaka 1965 alichagua kuomba kura kwa watu walioweza kumnyima, na walipomnyima aliendelea na kazi. Mwaka 1967 alichagua kuacha cheo kuliko kutia sahihi sharti asiloliamini. Unaweza kumwita sauti ya wanawake, mhaini au shujaa. Machaguo hayo matatu hayasogei. Ukiyapanga yanaonyesha mtu mmoja, na kinachoyaunganisha ni kukataa. Aliwafundisha wanawake kukataa, akakubali kukataliwa, kisha akakataa yeye mwenyewe.

Kukataa huko ndiko kiini cha kazi ya mbunge. Mtu asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito. Ni mwangwi wa aliyesema kabla yake. Wananchi hawampeleki mtu bungeni ili chumba kijae. Wanampeleka ili awepo mtu wa kusema, pale jambo linapowaumiza, kwamba linawaumiza. Titi alipozungumzia nyumba alikuwa akizungumzia zake, hilo ni kweli, lakini alikuwa pia akitaja hali ya maelfu ya wanawake wa mitaa ya Kariakoo, Ilala na Temeke ambao hawakuwa na mtu Arusha. Maslahi yake na yao yaliingiliana, kama yanavyoingiliana ya kila mwakilishi wa kweli. Asiye na lolote la kupoteza katika jambo mara nyingi hana lolote la kulijua.

Tanzania ya leo ina wanawake wengi madarakani kuliko alioweza kuwaona Karimjee. Anne Makinda alikuwa Spika kuanzia Novemba 2010. Samia Suluhu Hassan akawa Rais Machi 2021. Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30. Ni ushindi, na Titi ni miongoni mwa waliouanza. Lakini viti hivyo hugawiwa kupitia orodha za vyama, na mbunge yeyote anayepoteza uanachama wa chama chake hupoteza kiti. Mwanamke aliyeingia kwa orodha ana jukwaa ambalo Titi wa 1955 hakuwa nalo, ila huenda hana kile ambacho Titi huyo alikuwa nacho, yaani watu wake mwenyewe, waliomjua kabla chama hakijamjua. Idadi imeongezeka. Haki ya kukataa haijaongezeka kwa kiasi hichohicho, wala si kwa wanawake peke yao.

Basi anayetaka kumuenzi Bibi Titi asiishie kutaja mwaka aliozaliwa na nafasi yake katika orodha ya waliotangulia. Mbunge wake, awe mwanamke au mwanamume, atakaporudi jimboni kuomba kura, amuulize maswali mawili: ni lini mara ya mwisho ulikiambia chama chako hapana, na ulimsemea nani? Anayeweza kuyajibu kwa tarehe na kwa jambo lenyewe anaifanya kazi ambayo Bibi Titi aliilipia kwa cheo chake. Asiyeweza, hata akiwa wa kwanza kwa kila hesabu, bado hajaanza.